Kabla mtoto hajaanza kulala na lenzi

Lenzi ngumu za kuvaa jichoni usiku hubadilisha umbo la konea, kioo cha mbele cha jicho, ili mtoto asiyeona mbali ashinde mchana bila miwani. Mzigo huo hubebwa na tabaka la juu la konea, lenye unene wa takriban milimita 0.05. Konea hutegemea zaidi oksijeni ya hewani, na jicho lililofumbwa huipata kwa uchache hata kabla ya kuongezwa lenzi.

Kwa hiyo uso wa jicho upimwe kwanza. Mtaalamu huweka rangi ya njano na kutazama kwa mwanga wa buluu: michubuko hung'aa kijani. Huhesabu pia sekunde ambazo utando wa machozi hudumu bila kupasuka. Zikiwa chini ya 10, machozi hayatulii. Kope zipinduliwe kutafuta mzio. Mtoto anayefikicha macho kila saa atibiwe kwanza, lenzi zisubiri.

Kisha maji. Ya bomba, hata yaliyochemshwa, yasiguse lenzi wala kibweta chake, kwani akanthamiba, kimelea cha majini, huweza kuishambulia konea na ni kigumu kutibu. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa. Watu hunawa vizuri, kisha hushika lenzi vidole vikichuruzika. Dawa ya jana ya kuhifadhia lenzi kibwetani imwagwe yote, isiongezewe mpya juu yake. Kibweta kibadilishwe angalau kila miezi 3.

Asubuhi lenzi huweza kuganda jichoni, na hapo ndipo konea huweza kuchubuliwa na mzazi mwenye haraka ya shule. Weka matone ya kulainisha, subiri dakika chache, mtoto apepese. Sukuma kope la chini taratibu juu ya weupe wa jicho mpaka uone lenzi inateleza, ndipo uitoe. Kifyonzi cha mpira, kidude cha kutolea lenzi, kisiguse lenzi iliyoganda.

Panga mapema siku za kupimwa: asubuhi baada ya usiku wa kwanza, baada ya wiki, mwezi, halafu kila miezi 3 hadi 6. Mtoto akiwa na homa au jicho jekundu, usiku huo asivae. Likiuma, likiogopa mwanga, likitoa usaha au likiona ukungu, toa lenzi na umpeleke kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Beba lenzi na kibweta bila kuviosha. Maabara huenda ikavihitaji.