Kitabu cha Mwaka cha Kidato cha Nne: Kuongoza Kamati na Kupata Fedha za Kukichapa

Kazi ya kitabu cha mwaka huanza Februari, si Agosti. Mahafali ya kidato cha nne kwa kawaida hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, na kitabu ambacho hakijafika shuleni siku hiyo huuzika kwa shida, kwa kuwa wazazi wamekwisha kurudi makwao na wahitimu wamezama katika masomo. Anza kuhesabu kutoka siku ya mahafali ukirudi nyuma: tenga mwezi mmoja wa uchapaji na usafirishaji, wiki mbili za kusahihisha, na miezi inayosalia ndiyo mali ya kamati yako.

Wanakamati wanane hadi kumi wanatosha. Nusu yao watoke kidato cha tatu, ili mwakani wawepo wanaoijua kazi. Mhariri mkuu si lazima awe mwandishi bora wa insha. Ninamtafuta mwanafunzi anayeweza kumfuata mwenzake mara tatu kudai makala bila kugombana naye. Badala ya kuwaambia wote "tusaidiane", mpe kila mmoja kurasa zake. Bandika ukutani karatasi ya manila yenye kisanduku kwa kila ukurasa, na kila wiki mpake rangi visanduku vilivyokamilika. Uzembe utaonekana bila mtu kukaripiwa. Kama kitabu kitabanwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, kwa hiyo ukurasa mmoja wa ziada unaweza kukulazimu kulipia kurasa nne.

Kwa kuwa wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, picha zipigwe kwa kamera au simu moja inayotunzwa na mwalimu mlezi, au aalikwe mpiga picha kwa siku moja ya kupiga mikondo yote. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na ikichapwa hutoka na ukungu. Itumwe kama faili, au ipelekwe kwa flashi. Picha za bwenini zisichukuliwe kabisa, na namba za simu za wanafunzi zisichapwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mzazi anastahili kuombwa ridhaa kwa barua kabla sura ya mwanawe haijawekwa kitabuni.

Jambo ninalolisimamia kuliko yote ni majina. Mwaka mmoja, katika shule niliyokuwa nikifundisha, kitabu kilitoka bila jina la kijana aliyekuwa amelazwa hospitalini siku ya picha. Alikipekua mara mbili mbele yangu, kisha akakirudisha mezani. Tangu hapo sikubali ukurasa uende kwa mchapaji kabla orodha ya mkondo haijalinganishwa na daftari la mahudhurio, na kila mwanafunzi hajatia saini mbele ya jina lake jinsi litakavyoandikwa. Asiyekuwepo siku ya picha atafutwe. Akikosekana kabisa, jina lake liwekwe mahali pake pamoja na mistari michache ya wenzake juu yake.

Tuje kwenye fedha. Shule za serikali hazitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, kwa hiyo kitabu kisigeuzwe mchango wa lazima kwa jina jingine. Mkuu wa shule aidhinishe mpango mzima kwa maandishi, na mzazi abaki huru kununua au kuacha. Kabla ya kutangaza bei, pata makadirio ya maandishi kutoka kwa wachapaji watatu. Tuseme nakala 150 zitagharimu shilingi 12,000 kila moja, yaani 1,800,000, na usanifu pamoja na usafirishaji 200,000; jumla 2,000,000. Ukiuza nakala 100 kwa malipo ya awali ya shilingi 10,000, una 1,000,000. Nusu iliyobaki itafutwe nje ya mifuko ya wazazi.

Matangazo ndiyo njia ya uhakika zaidi. Watume wanafunzi wawili wawili, wakiwa na sare safi, barua yenye mhuri wa shule na mfano wa ukurasa, waende kwa wenye maduka ya vitabu, mafundi cherehani wanaoshona sare, nyumba za wageni na kampuni za mabasi. Mfanyabiashara hupenda kuona mahali tangazo lake litakapokaa na kujua idadi ya nakala. Wahitimu wa zamani nao huchangia wakiombwa kitu mahususi: "kurasa nne za michezo" huitikiwa upesi kuliko "tusaidieni". Na sisi wa Tabora tuna asali. Mzazi aliyetoka mbali kuja huku hapendi kuondoka bila asali ya misitu ya miombo. Ukinunua kwa wafugaji nyuki wa wilaya jirani ya Sikonge unaowaamini, ukaichuja vizuri na kuiuza siku ya wazazi, faida yake inaweza kulipia usafirishaji wote.

Anayepokea fedha asiwe anayezitunza. Kila malipo yapewe stakabadhi, fedha ziingie katika akaunti ya shule siku hiyo hiyo, na hesabu ibandikwe ubaoni kila mwezi, kwa sababu minong'ono kuhusu fedha huua mauzo haraka kuliko bei kubwa. Usiagize uchapaji kabla fedha zote hazijapatikana. Zikipungua, punguza kurasa.

Mchapaji akuletee nakala moja ya majaribio, isomwe na watu watatu ambao hawakushiriki kuiandika, na mmoja wao asome majina tu. Vitabu vikifika, vihesabiwe mbele ya mwalimu, nakala mbili ziende maktaba, na kila mfanyabiashara aliyetangaza apelekewe yake mkononi na wale wanafunzi wawili waliomwomba.