Seli za kutisha kwenye bayopsi ya kidonda: pitia hapa kabla ya kuandika saratani

Wiki iliyopita daktari mmoja anayesomea patholojia aliniwekea slaidi ya bayopsi (kipande kidogo cha nyama) ya umio chini ya darubini, akasogea pembeni. "Dokta, hii si saratani?" Seli zilikuwa majitu, viini vimevimba vibaya, nukleoli imekukodolea macho. Nikavuta kiti, tukaanza upya pamoja. Haikuwa saratani; zilikuwa seli za stroma, yaani za nyama ya kushikilia tishu, zilizobadilishwa sura na inflamesheni (uvimbe wa kidonda). Nayaandika tuliyoyafanya kwa sababu huku Afrika Mashariki saratani ya umio ni nyingi kiasi kwamba jicho limeshazoea kuitarajia.

Hatua ya 1: Soma fomu. Tafuta mionzi, dawa za saratani, VVU. Mionzi peke yake huzifanya fibroblasti (seli zinazotengeneza kovu) ziwe na sura ya kutisha, na zinaweza kubaki hivyo miaka.

Hatua ya 2: Anza na lenzi ndogo. Mimi wanafunzi nawakataza kabisa kugusa lenzi ya 40 kabla hawajaniambia seli zimekaa wapi. Kwenye lenzi ya 40 kila kidonda kinafanana na saratani. Seli za uongo hizi hukaa kwenye nyama changa inayoota kidonda kinapojaribu kupona, chini tu ya usaha na ule utando wa fibrini, mojamoja kati ya vishipa vipya vya damu. Ukishuka chini zaidi, zinapungua. Saratani haina adabu hiyo: hujikusanya mafungu na kuchimba kwenda chini. Wanapatholojia Shekitka na Helwig walizieleza mwaka 1991 kwenye vidonda na polipu za njia ya chakula, na bado zinatunasa.

Hatua ya 3: Sasa lenzi ya 40. Kiini ni kikubwa, ndiyo, lakini na saitoplazimu yake ni pana, ya zambarau, mara nyingi ina mikia kama buibui. Seli zinazogawanyika ni chache na zinagawanyika kwa mpangilio. Ukikuta moja inagawanyika pande tatu, usiendelee kujifariji.

Hatua ya 4: Keratini, protini ya seli za utando. Karsinoma, saratani itokayo kwenye utando, kwa kawaida huwa nayo; kingamwili ikiikuta, seli hushika rangi ya kahawia. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, na karibu nimpoteze mgonjwa.

Miaka kadhaa nyuma ilikuja bayopsi kutoka mbali, nyama imekaa kwenye formalini zaidi ya wiki mbili. Nikaomba AE1/AE3, kingamwili ya kutafuta keratini. Slaidi ikarudi: hakuna seli hata moja iliyoshika. Nikashusha pumzi, nikachukua kalamu. Kabla sijaandika nikasogeza slaidi hadi ukingoni, na pale kulikuwa na kipande cha utando wa kawaida wa umio. Utando ule lazima uwe kahawia. Ulikuwa wa buluu, mtupu. Kwa hiyo si seli zilizokataa rangi. Formalini ilikuwa imeufunga mlango. Tukakata slaidi nyingine, tukaongeza muda wa kuzichemsha kwenye bufa, tukarudia mara ya pili na ya tatu. Jioni keratini ikawaka: karsinoma.

Tangu siku hiyo siisomi keratini hasi bila kuuona kwanza utando mzima, kwenye slaidi ileile, umeshika kahawia. Kontroli (nyama ya kulinganishia) ya slaidi nyingine haitoshi, maana nyama yake haikukaa kwenye formalini ya mgonjwa wako.

Kuna na mtego wa upande wa pili. Tezi zilizonaswa chini ya kidonda, na utando unaojirefusha kukifunika, zote zitashika kahawia. Rudi kwenye slaidi ya H&E, ile ya rangi ya kawaida, utafute seli ileile, si jirani yake. Tena keratini hasi haifuti saratani nyingine kama melanoma na limfoma. Na karsinoma yenye seli ndefu kama uzi huweza kuikwepa AE1/AE3, hivyo kwenye umio ongeza p40, kingamwili nyingine ya seli za utando wa aina ya umio. Kingamwili ya vimentini usinunue. Inashika fibroblasti, inashika na karsinoma ya aina hiyo; umelipa pesa na hujajua kitu. Ukiwa na bajeti ya kingamwili moja tu, chukua keratini.

Hatua ya 5: Virusi vya CMV (sitomegalovirusi). Navyo huvimbisha seli za stroma na za kuta za mishipa. Tafuta jicho la bundi ndani ya kiini, yaani doa kubwa lililozungukwa na duara jeupe. Ukishuku, piga rangi yake, hasa kwa mwenye VVU.

Hatua ya 6: Ripoti. Usiandike "seli zisizo za kawaida" ukanyamaza. Anayeisoma wodini atamwambia mgonjwa ana saratani. Andika kwamba ni kidonda chenye seli za stroma zilizobadilika kwa sababu ya inflamesheni, hakuna saratani katika vipande vilivyoletwa. Vikiwa viwili vidogo, vimepondeka, au vyote ni usaha, sema hivyo waziwazi na uombe vingine, vya kingo na vya kitako cha kidonda. Halafu mpigie simu daktari wa endoskopi. Mimi napiga kabla ripoti haijatoka, maana yeye amekiona kidonda kwa macho. Akisema kingo ni ngumu na zimeinuka, naomba vipande vipya hata kama slaidi yangu ni safi.