Kabla hujanunua baiskeli ya ndoto zako ya kwendea kazini

Ukiwa mkazi wa Dar es Salaam unayekwenda kazini kwa Phoenix, au kwa mtumba wa Kijapani wenye kikapu mbele, siku moja utaiona: nyepesi, fremu ya alumini, gia kama zote, breki za diski. Akili itakimbilia bei. Bei ina nafasi yake, lakini swali la kwanza ni hili: ukishafika kazini, itashinda wapi?

Usikisie, nenda ukapaangalie. Kuna bomba lililochimbiwa kwenye zege, au utaifunga kwenye kibao cha matangazo kinachong'oka kwa kusukumwa? Mlinzi wa asubuhi mmezoeana, sawa, na wa zamu ya mchana je? Mwenye jengo atakubali uipandishe kwenye lifti na matope yake? Fikiria pia safari za pembeni, maana hakuna anayetoka nyumbani kwenda kazini na kurudi moja kwa moja siku zote: utapita Kariakoo kuchukua mzigo, utaingia benki, utakwenda Muhimbili kumjulia hali mgonjwa. Ya zamani unaiegemeza ukutani, unafunga, unaingia. Hiyo mpya utabaki unaichungulia dirishani. Kwa maoni yangu, baiskeli ambayo mwenyewe anaogopa kuiacha nje dakika kumi haifai kwa kazi ya kila siku, iwe nzuri namna gani. Angalia na magurudumu: mengi ya kisasa huchomolewa kwa mkono bila spana, jambo jema ukipata pancha na baya ukiegesha mjini. Tia kwenye hesabu nati za kawaida na kufuli nene la chuma, kwa sababu kufuli la waya hukatwa kwa koleo.

Halafu kuna fundi wako, yule anayekaa chini ya mwembe karibu na kituo cha daladala. Ongea naye kabla hujalipa. Mtego mkubwa uko kwenye tairi. "Inchi 26" si kipimo kimoja: tairi la baiskeli ya milimani hukaa kwenye rimu ya milimita 559, la mtumba wa Kijapani mara nyingi 590, na hayaingiliani. Phoenix kubwa ya inchi 28 ni 635, ilhali nyingi za kisasa za barabarani ni 622. Namba hizo huandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 37-622: ya kwanza upana, ya pili kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Inakili, nenda nayo Kariakoo ukaulizie tairi na tyubu. Ukiambiwa "ya kuagiza" duka hadi duka, ujue pancha mbaya itakurudisha kwenye daladala kwa siku kadhaa. Breki za mafuta zinashika vizuri sana, ila zikiingia hewa zinataka vifaa na mafuta ya aina yake. Za waya, fundi yeyote anazikaza. Cheni ya gia 11 au 12 ni nyembamba, na ile ya gia 7 iliyojaa madukani haitaziba pengo lake.

Njia nayo ina maamuzi yake. Anayetoka Kimara kwenda Posta, kilomita 15 hivi, ana njia ya pembeni iliyojengwa pamoja na barabara ya mwendokasi ulioanza 2016, lakini anagawana na bodaboda, meza za wachuuzi na magari yaliyoegeshwa. Kuna mchanga, kuna kingo za zege, na mvua ikizidi Jangwani hapapitiki. Tairi la milimita 25 litakutesa; tafuta 35 hadi 40, na uhakikishe fremu ina nafasi ya tairi hilo pamoja na madigadi. Tazama kama ina matundu ya kufungia karia. Nyingi za mbio hazina, na begi mgongoni kwa joto la Januari maana yake shati limelowa kabla hujafika Magomeni. (Jasho lenyewe halitapungua sana kwa kubadili baiskeli. Shati la akiba ni rahisi zaidi.)

Sasa jaribio ambalo muuzaji hatakushauri. Ifanyie ya zamani matengenezo kamili: tairi mpya, cheni mpya, raba za breki, gololi zitiwe grisi, siti ipandishwe mpaka mguu ukaribie kunyooka. Ipande hivyo mwezi mzima. Uzito unaolalamikiwa na wengi ni upepo mdogo kwenye tairi na cheni iliyokauka. Kama baada ya hapo bado kuna kero unayoweza kuitaja, mathalani vilima vya Kimara kwa gia moja, au rimu za chuma ambazo zikilowa breki hazishiki, basi una sababu, na unajua ununue nini: gia chache zenye kazi, rimu za alumini.

Siku ya kununua nenda na begi lako la kazini likiwa limejaa, uijaribu nalo. Dai risiti yenye namba ya fremu. Na ya zamani usiiuze mapema. Masika yakianza Machi utaitafuta.