Breki za gari la zamani zinapofeli: kutafuta chanzo na kulitengeneza

Breki za gari la zamani ni nadra kufeli bila kutoa dalili, na dalili hizo huanzia kwenye pedeli. Hata hivyo, magari mengi hubadilishiwa pedi au masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenye mabomba) kabla ya mtu yeyote kukanyaga pedeli hiyo kwa makini, na ndiyo maana tatizo hurudi baada ya fedha kwisha. Maelezo haya yanahusu magari kama Toyota Corolla za miaka ya 1990, ambazo nyingi zina diski mbele, zinazobanwa na pedi, na drami nyuma, zinazosukumwa kwa ndani na shuu, busta inayotumia ombwe (mvuto wa hewa) la injini kuongeza nguvu ya mguu, na masta silinda yenye njia mbili zinazojitegemea. Njia hizo mbili ndizo zinazolifanya gari libaki na breki kwenye magurudumu mawili pale bomba moja linapopasuka, ingawa pedeli itashuka sana na gari litachukua umbali mrefu zaidi kusimama.

Breki zikipotea ukiwa barabarani, pampu pedeli harakaharaka, punguza gia moja baada ya nyingine, kisha vuta hendibreki kidogokidogo huku kitufe chake kikiwa kimebonyezwa ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Usizime injini, kwa kuwa utapoteza msaada wa busta na wa usukani, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga. Gari likishasimama, livutwe hadi gereji.

Uchunguzi uanze gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa injini: busta nzima huifanya pedeli ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka na ikabaki ngumu, kagua kwanza mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta pamoja na vali yake, kwa kuwa mpira uliopasuka ni wa bei ndogo kuliko busta. Baada ya hapo, injini ikiwa bado inawaka, shikilia pedeli kwa nguvu ileile kwa dakika moja. Ikizama polepole hadi chini na hakuna mahali panapovuja nje, raba za ndani ya masta silinda zimechoka na mafuta yanapita pembeni mwake. Pedeli inayobonyea kama sponji ina upepo ndani ya mabomba, na ile inayokwenda chini mara ya kwanza kisha ikapanda unapokanyaga mara ya pili mara nyingi huonyesha kwamba breki shuu za nyuma ziko mbali na drami kwa sababu kirekebishio chake kimekwama.

Iko hali moja inayowachanganya wengi. Breki hupotea katikati ya mteremko mrefu kama wa Kitonga huko Iringa, kisha hurejea gari likipoa, na fundi halioni kosa lolote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita. Mafuta mapya ya DOT 3, daraja la kawaida la mafuta ya breki, huchemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 140, na mvuke unaotokea ndani ya kaliperi (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) hubonyea badala ya kusukuma pistoni. Dawa yake ni kumwaga mafuta yote na kuweka mapya, kila baada ya miaka miwili hivi, na kushuka mlima kwa gia ndogo.

Mafuta yakipungua kwenye chupa yake, ujue yamekwenda mahali fulani. Kupungua polepole kwa miezi mingi ni kawaida, kwani pedi zikilika pistoni husogea nje na mafuta hujaza nafasi hiyo. Kupungua ghafla ni uvujaji. Angalia pale masta silinda inapokutana na busta, ambapo rangi iliyobabuka huwa ni ushahidi, kisha mabomba ya chini yenye kutu, mabomba ya mpira ya magurudumu ya mbele, na upande wa ndani wa matairi ya nyuma. Drami ikitolewa, inua kwa upole ukingo wa kifuniko cha mpira kwenye silinda ya gurudumu, ile ndogo inayosukuma shuu: matone yakidondoka, silinda hiyo imekwisha hata kama kwa nje inaonekana kavu.

Wako mafundi ambao, wakishagundua gurudumu linalovuja, hulibana bomba lake kwa koleo na kumruhusu mwenye gari aondoke. Usikubali jambo hili hata kwa siku moja. Gari la namna hiyo huvuta upande mmoja unapokanyaga breki kwa nguvu, na katika barabara yenye mvua linaweza kugeuka na kuingia njia ya wengine.

Kubadilisha silinda za nyuma si kazi ngumu. Weka vizuizi kwenye matairi ya mbele, legeza hendibreki, na uliweke gari juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Drami iliyoganda hutoka kwa kukaza bolti mbili za milimita 8 katika matundu yake kwa zamu. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, ili upande wa pili ukuonyeshe jinsi springi zilivyopangwa. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe, kwa kuwa shuu za zamani huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Badilisha silinda zote mbili, na shuu zilizolowa mafuta zitupwe, kwani kuziosha kwa petroli hakuziponyi. Kwa masta silinda, raba mpya zinatosha ikiwa tu ukuta wa ndani ni laini. Ukuta huo ukiwa na mikwaruzo au kutu, nunua masta silinda nzima.

Kisha toa upepo. Tumia DOT 3 au DOT 4 kutoka kwenye chupa iliyofungwa, na usiweke kabisa oili ya injini au ya usukani, ambayo huvimbisha raba zote za mfumo. Kwa gari la usukani wa kulia anza na gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto na mbele kulia. Msaidizi akanyage na kushikilia. Wewe fungua nipeli (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu) yenye mpira mwangavu uliozama kwenye chombo chenye mafuta, uifunge kabla hajaachia, na urudie mpaka viputo viishe, huku chupa ya juu ikijazwa kila mara. Weka kipande cha ubao chini ya pedeli, kwa sababu ikifika sakafuni raba za masta silinda ya zamani hupita kwenye sehemu yenye kutu na kuchanika, na gari lililoletwa kwa silinda ya nyuma likaondoka na masta mbovu.

Rekebisha shuu mpaka ziguse drami kidogo sana, kanyaga pedeli kwa nguvu dakika moja injini ikiwaka, na kagua kila kiungo ulichofungua. Jaribu gari kwa mwendo mdogo kwenye uwanja mtupu, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa: moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kaliperi au silinda yake haiachii, au mpira wake umeziba kwa ndani, na upande huo ufunguliwe tena kabla gari halijarudi barabarani.