Unataka kukatwa ngozi ya tumbo iliyolegea? Jipange hivi
Kwanza kabisa hii operesheni sio ya kupunguza uzito, ni ya kutoa ngozi iliyobaki inaning'inia baada ya kuzaa au kupungua sana, alafu misuli ya tumbo iliyoachana inashonwa irudi pamoja. Kwa hiyo kilo zako ziwe zimetulia miezi kadhaa, na kama bado unataka mtoto subiri tu uzae kwanza maana mimba italegeza tena.

Sigara acha angalau wiki 4 kabla na baada, hapa usimdanganye daktari, nikotini inabana mishipa ya damu na kidonda kinaweza kuoza kabisa. Mwambie na dawa zote unazokunywa, hata za mitishamba.

Unapigwa nusu kaputi, masaa kama 2 mpaka 4 hivi. Kovu linatoka nyonga hadi nyonga, refu kwelikweli, ila chupi inalificha. Siku za mwanzo utatembea umeinama kama bibi kizee, lakini tembea hivyohivyo damu isigande miguuni. Mkanda wa kubana vaa, vizito usibebe wiki 6, na mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata kimbia hospitali saa hiyohiyo.