Presentesheni yako inawasinzisha watu? Wape hadithi

Mwaka jana nilisimama mbele ya viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa korosho pale Masasi, slaidi 32, grafu za korosho kama zote, feni inazunguka, mzee mmoja wa mstari wa mbele akaanza kukoroma kabisa na mwenzie hata hakumgusa maana na yeye alikuwa njiani. Nikawaza, hawa hawa si ndio jioni wanakaa barazani masaa matatu wanapiga stori? Kumbe tatizo mimi.

Siku hizi natafuta mtu mmoja kwanza. Siyo "wakulima", mtu mmoja, ana kitu anakitaka na kuna kitu kimemkalia njiani, bila hivyo viwili huna hadithi una taarifa tu. Nikiongelea ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, naanza hivi: mwezi wa saba, mama mmoja wa Newala kaingia shambani alfajiri, kashika maua ya mkorosho, vidole vimetoka na unga mweupe. Salfa, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, hana, na ada ya mtoto anaitegemea mikorosho hiyo hiyo. Hapo nanyamaza kidogo. Simu zinashushwa zenyewe.

Salamu usiruke, wazee lazima wasalimiwe, ila ile historia ya taasisi dakika kumi iache, ingia moja kwa moja pale palipoharibika. Na usipambe sana, kanga ya mama ina rangi gani haituhusu, vile vidole vyenye unga vinatosha.

Takwimu zije baadaye. Grafu ya mavuno ya wilaya ukiitoa mwanzo ni mistari tu, ukiitoa baada ya yule mama watu wanaikodolea macho maana wanatafuta yeye kaishia wapi.

Halafu jibu usilitoe mapema jamani. Mnadani nani anaondoka kabla bei haijasomwa? Kama unaripoti matokeo, yaweke mwisho. Kama unaomba bajeti ni tofauti, hadithi usiimalize kabisa, mwache mama pale pale shambani na unga mkononi, slaidi inayofuata iwe ombi lako: salfa ifike kijijini kabla maua hayajatoka, itagharimu kiasi hiki.

Usidanganye lakini. Kama mama wako umemuunganisha kutoka kwa watu watatu sema hivyo hivyo, hawakasiriki. Na jina halisi usitaje, huku kusini tunajuana mno, mimi nilitaja siku moja kumbe shemeji yake kakaa mstari wa tatu, chai ya mapumziko niliinywea nje.

Kabla ya siku yenyewe msimulie mtu wa nyumbani bila slaidi hata moja, akiwa anapika au anabangua korosho zake. Akisema "ehe, halafu?" uko vizuri. Akisema "umemaliza?" rudi ukakate.