Namna ya Kumtunza Mhitimu kwa Zawadi ya Fedha Itakayomfaa

Msimu wa mahafali ukifika, nyumba za Lamu hujaa jamaa, pilau na vigelegele, na mhitimu huvishwa koja la noti zilizoshikizwa kwa pini na gundi. Furaha hiyo ni haki yake. Lakini noti zile, zikishabanduliwa na kuhesabiwa, nyingine zikiwa zimechanika pembeni, mara nyingi huwa zimekwisha kabla ya mwezi mwingine kuandama, ilhali kijana bado yuko njiani akitafuta kazi. Kwa hiyo, anayetaka kumtunza mhitimu kwa fedha na aanze kwa kujiuliza ni gharama gani itakayomkabili kijana huyu kabla ya mshahara wake wa kwanza.

Kwa wengi, gharama hiyo ni deni. Aliyesoma kwa mkopo wa HELB, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mkopo wa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeshindwa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Faini ndiyo inayoumiza zaidi: miezi kumi ya kukaa kimya ni shilingi 50,000, na fedha hizo zote hazipunguzi hata shilingi moja ya mkopo wenyewe. Ndiyo maana naona hakuna zawadi iliyo bora kwa mhitimu mwenye deni kuliko jamaa kukubaliana, kabla ya siku ya sherehe, kwamba shangazi atalipa miezi kadhaa, mjomba naye miezi kadhaa, mpaka kijana apate pa kushika. Mhitimu mwenyewe afungue ukurasa wake wa HELB, aonyeshe kiasi anachodaiwa, malipo yaingizwe kwa jina lake, naye aione stakabadhi kila mara. Fedha zisipitie mikononi mwa mtu wa tatu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Jambo la pili ni matibabu. Mhitimu hahesabiwi tena kuwa mwanafunzi anayetegemea bima ya wazazi, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kuilipa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka. Kwa mtu anayeuliza apeleke nini na mfuko wake si mkubwa, jibu langu ni kumlipia mchango huu wa mwaka.

Ziko pia gharama ndogondogo za kutafuta kazi ambazo hazina sherehe lakini hukwamisha watu. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema hulipiwa shilingi 1,050. Nakala za vyeti huhitaji muhuri wa wakili. Na anayeitwa kwenye mahojiano Mombasa au Nairobi hana budi kuvuka kwa boti hadi Mokowe, kupanda basi, na kutafuta mahali pa kulala. Bahasha ya nauli iliyoandikwa wazi kwamba ni ya safari ya mahojiano humfanya kijana aione fedha ile kuwa na kazi yake, asiitumie kwa mengine.

Mwenye uwezo zaidi huenda akafikiria kumwekezea. Tangu 2023 Benki Kuu ya Kenya ina mfumo wa DhowCSD, ambao humwezesha mtu kununua hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali fedha kwa muda maalumu, kwa simu yake, kuanzia shilingi 50,000, kiasi ambacho jamaa wakichanga hukifikia. Akaunti ifunguliwe kwa jina la mhitimu. Hata hivyo, naomba sana fedha za asiye na mshahara zisifungwe kwa miaka mingi. Deni na bima vitangulie. Na kwa kuwa familia nyingi za Lamu hujiepusha na riba, mtoaji amuulize kijana kwanza: hati fungani na akaunti za kawaida za akiba hulipa riba, na anayeikataa anaweza kufunguliwa akaunti katika benki inayofuata sharia ya Kiislamu, au kununuliwa hisa za kampuni ambayo biashara yake ni halali.

Kwa mabinti, na hili bibi zetu walilijua zamani, bangili ya dhahabu bado ni akiba nzuri, mradi inunuliwe kwa uangalifu. Dhahabu ya karati 22 ina takriban asilimia 92 ya dhahabu safi, na ya karati 18 ina asilimia 75. Mwombe sonara aipime mbele yako na aandike uzito kwa gramu pamoja na karati kwenye stakabadhi, kisha mkabidhi mhitimu stakabadhi hiyo pamoja na bangili yenyewe. Chagua iliyo laini, isiyo na mawe wala nakshi nyingi, kwa sababu siku ya kuiuza sonara hulipa uzito wa dhahabu, na gharama ya ufundi hairudi.